Laki na ishirini kwa oringi moja? Tuongee bei ya kutengeneza bunduki inayojamu

Kuna mteja wa karakana yetu ya bunduki hapa Mwanza anasema kila kona, kuanzia Kirumba hadi Nyakato, kwamba tulimpiga bei. Bunduki yake ilikuwa haitoi maganda, tukaibadilishia oringi, kile kipete cha mpira, tukamdai laki moja na ishirini elfu. "Oringi ya mia tano!" Na si yeye peke yake. Mara kwa mara mtu anasimama hapa kaunta na spea iliyotolewa mkononi, anaigeuza juu chini, kisha anauliza mbona kitu chenyewe kidogo hivi. Basi leo tunaandika. Mwenye kinyongo asome, na anayefikiria kuja kwetu aje akijua analipia nini.

Tuanze na hiyo hiyo ya oringi. Bunduki ni shotigani ya kipimo cha 12, Remington 1100, semi, aina iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1963. Semi ya namna hii inajikoki yenyewe kwa moshi wa baruti. Ukifyatua, sehemu ya moshi inapenya kwenye vitundu vidogo chini ya mtutu, inaisukuma pistoni iliyovaa kwenye mrija wa magazini, nayo inairudisha nyuma bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu. Ganda linatoka, risasi nyingine inapanda. Oringi inakaa mbele ya pistoni kuzuia moshi usivuje. Ikikatika, nguvu inapungua, bolti inarudi nusu safari na ganda linabanwa mlangoni. Mlinzi anabaki na bunduki isiyopiga wala kufunguka.

Ilipofika kwetu, ilikuwa imeshapita kwa watu. Mmoja aliona ganda halitoki, akahukumu ukucha wa kuvutia ganda, akabadilisha. Haikupona. Wa pili alisema springi imechoka, akaivuta iwe ndefu. Haikupona pia. Wa tatu ndiye aligundua oringi haipo, akavisha mpira wa bomba la maji. Hapo ilipiga vizuri kwa muda, halafu ule mpira ukalainika kwa joto, ukachanika vipande vikaenda kugandamana kwenye vitundu vya moshi. Sisi tulivua bunduki nzima. Springi iliyomo ndani ya kitako, ile inayoisukuma bolti irudi mbele, ilikuwa imelala kwenye tope la oili chafu. Tukasafisha, tukazibua vitundu, tukarudisha springi ya kipimo chake, tukavisha oringi yake halisi, tukaijaribu kwa risasi za moto mahali palipoidhinishwa mpaka tukaridhika. Kwenye risiti tukaandika "oringi na matengenezo". Mteja akasoma neno la kwanza.

Na hela alizotoa kwa wale watatu hazitaji popote.

Bunduki ikijamu, usianze na spea. Anza na maganda. Wateja wengi wanatuletea bunduki imefutwa inang'aa, maganda yametupwa, halafu wanatueleza ugonjwa kwa mdomo. Ganda lililotumika linasema kuliko mwenye bunduki. Tazama kitako chake: katikati kuna kile kiduara, fataki, chenye alama ya pini inayokigonga risasi ilipuke. Alama ikiwa ya kina na katikati, pini ni nzima. Ikiwa hafifu kama imeguswa tu, nyundo haina nguvu, au pini imelika, au, mara nyingi zaidi kwa bunduki za huku ziwani, mafuta yameganda ndani ya bolti na pini haitembei. Fataki ikitoboka, pini ni ndefu mno au imechongwa na mtu ikaachwa na ncha. Kisha pitisha kidole kwenye ukingo wa ganda. Ukikuta umeng'ofolewa upande mmoja, ukucha ulikuwa unavuta lakini ganda lilikuwa limeng'ang'ania chemba, kile chumba cha mtutu linamokaa. Hapo ukibadilisha ukucha, ukucha mpya nao utaendelea kung'ofoa. Kinachotakiwa ni kuangalia chemba.

Na chemba za Mwanza tunazijua. Lindo la usiku pale soko la Mwaloni au kwenye viwanda vya samaki ni unyevu mtupu, na masika ikikolea bunduki inalowa, inakauka mgongoni mwa mlinzi, inalowa tena. Asubuhi inaingizwa kwenye mfuko wa turubai nayo mbichi, zipu inafungwa, inasimamishwa stoo. Huko kwenye mfuko ndiko kutu inakofanya kazi yake. Tulipokea shotigani ya pampu kutoka kampuni ya ulinzi, wanalalamika kwamba pampu ni nzito, mlinzi anavuta hadi anaweka goti. Walitaka tubadilishe mikono ya pampu, tena walikuwa wameshaulizia bei ya spea nje ya nchi. Tulipopitisha brashi ya shaba kwenye chemba, ilitoka unga mwekundu. Kutu ilikuwa imeshika ganda. Tulisafisha na kung'arisha, hakuna spea hata moja iliyobadilishwa, na bado tulitoza. Meneja wao akaudhika: "Hamjaweka kitu, mnadai nini?" Tungeweka kipande kipya kisichohitajika, angelipa mara nne na kutushukuru. Biashara hii ina mambo.

Kuhusu oili chafu tutasema kila mwaka mpaka tuzeeke. Oili iliyotolewa kwenye bodaboda ina masizi na vumbi la chuma. Ukiipaka kwenye bunduki unapaka msasa. Mafuta ya taa yanasafisha, hilo hatukatai, lakini ukiyaacha bila kufuta na kupaka mafuta mepesi ya bunduki, chuma kinabaki uchi. Grisi nayo si ya ndani ya bolti. Tone moja na kitambaa kikavu vinatosha.

Hapo ndipo wastaafu wanapotuingilia. Mzee mmoja wa Magu, askari wa zamani, aliletwa na mwanawe na shotigani inayokwama, akatuambia, "Kijana, sisi tulishika SAR kwenye matope, haikuwahi kukwama." Shikamoo mzee, lakini SAR na hii ni vitu viwili tofauti. SAR ni ile karabina iliyobuniwa na Simonov kule Umoja wa Kisovieti, na Wachina nao wakaitengeneza kwa wingi. Ina risasi kumi kwenye magazini yake ya kudumu, za 7.62 kwa 39, na pistoni yake ya moshi inapiga kwa nguvu ya kumwaga. Za Kichina kwa kawaida zina kromu ndani ya mtutu, ndiyo maana zilivumilia unyevu. Ila hata SAR ina ugonjwa wake, na ni mbaya kuliko kujamu. Nyingi zake pini haina springi, inaelea tu ndani ya bolti. Zikihifadhiwa na grisi nzito na mtu asiisafishe bolti vizuri, pini inagandia mbele, na bolti ikijifunga inaweza kugonga fataki bila kidole kugusa kifyatulio. Bunduki inalia yenyewe. Mzee alinyamaza kidogo, akasema enzi zao bolti ilikaguliwa kila siku na sajini mwenye roho mbaya. Tukamwambia basi siri ilikuwa kwa sajini, si kwa SAR.

Na kwa kuwa tumeitaja: usituletee SAR wala SMG, bunduki za kivita, uliyoikuta shambani, uliyorithi kwa mjomba au uliyouziwa na mtu wa mwaloni. Hatutaigusa, hatutaulizia spea, hatutakwambia nani anaweza. Mahali pake ni kituo cha polisi, na Serikali imekuwa ikitangaza muda wa msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina utani, na sisi leseni yetu ndiyo ugali wetu.

Turudi kwenye spea, maana ndiko wateja wanakoumia zaidi. Shotigani nyingi zinazokuja hapa ni za babu. Tunapata za Ubelgiji zenye muhuri wa Liège, herufi ELG ndani ya duara la yai, na za Kiingereza zenye muhuri wa Birmingham. Spea zake hazipo dukani Makoroboi. Zinatafutwa kwa namba ya toleo, kupitia waagizaji wenye kibali, na zinachukua miezi. Mteja anachoka kusubiri, anaipeleka pini kwa mkerezaji wa vipuri vya matrekta. Mkerezaji ni fundi mzuri, hatumdharau, lakini hajui chuma kile kinatakiwa kuwa kigumu kiasi gani. Kikiwa laini kinavimba ncha na kukwama kwenye tundu. Kikiwa kigumu mno kinakatika, na kipande kinabaki ndani. Tumewahi kutoa pini iliyotengenezwa kwa msumari wa inchi sita, imepinda ndani ya bolti kiasi kwamba kazi ya kuitoa ilizidi bei ya pini halisi pamoja na usafiri wake.

Kwenye Browning Auto-5 ugonjwa ni mwingine kabisa. Hii haitumii moshi. Mtutu wenyewe unarudi nyuma ukifyatua, na kasi yake inapunguzwa na pete za msuguano zilizo kwenye mrija wa magazini. Pete hizo zinapangwa kwa namna moja kwa risasi nzito na kwa namna nyingine kwa risasi nyepesi. Kijana mmoja wa Sengerema alivua ya baba yake kuisafisha, akarudisha, akabaki na pete mkononi. Bunduki ikapiga kama kawaida, akaona ile pete ni ya ziada, akaitupa. Kila mlio mtutu ukawa unarudi bila breki. Alipotuletea, mbao ya mbele ilikuwa imepasuka kwa urefu na kitako kimeanza ufa pale kinapoungana na chuma. Pete ni kitu cha bei ndogo. Mbao ya Auto-5, bunduki iliyoacha kutengenezwa tangu miaka ya tisini, itafute uone.

Kisha kuna urefu wa risasi, na hapa tunaomba usikivu. Shotigani za zamani za kipimo cha 12 nyingi zina chemba ya milimita 65. Risasi nyingi za sasa ni za 70. Mteja anatuambia, "Mbona inaingia vizuri tu?" Itaingia, ndiyo. Urefu ulioandikwa kwenye boksi ni wa ganda likishafunguka, si likiwa limekunjwa mdomo. Likifyatuliwa ule mdomo unafunguka mbele ya chemba, pale mtutu unapoanza kubana, na marisau yanalazimika kupenya kwenye njia iliyozibwa. Shinikizo linapanda. Bunduki inapiga teke, ganda linagoma kutoka, bawaba zinaanza kulegea, na mwenyewe anasema risasi za siku hizi ni feki. Tunapima chemba ya kila bunduki inayoingia hapa, hata kama umekuja kwa ajili ya skrubu ya kitako. Hiyo nayo imo kwenye ada ya ukaguzi, na hatuiondoi ukitubembeleza.

Ada hiyo ni elfu arobaini, unalipa kabla hatujashika bisibisi. Ukikubali tutengeneze, inaingia kwenye bei ya jumla. Ukikataa, unaondoka na karatasi inayosema bunduki ina nini, umpelekee fundi yeyote mwenye leseni. Kuna wanaosema ni hela ya kutazama tu. Ndiyo, ni ya kutazama. Kutazama ndiko kulikokosekana kwa wale watatu wa oringi.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, wateja wa Sengerema na Geita wanafika asubuhi bila kusubiri kivuko, nasi tumefurahi, ila wengine sasa wanakuja kwa pupa mno. Njoo na leseni yako halisi, siyo picha kwenye simu. Bunduki ije tupu na risasi kwenye mfuko wake mbali nayo. Kama risasi ilikataa kulipuka, usifungue bunduki papo hapo: ishike imeelekea mahali salama, subiri angalau nusu dakika, maana fataki mbovu inaweza kuchelewa kuwasha. Kama risasi nzima imekwama na haitoki, usipande nayo basi hata kidogo, wala usichokonoe kwa fimbo kupitia mdomo wa mtutu. Piga simu kwanza, tuelewane namna ya kuipokea. Na maganda yaliyotumika yaokote yote, hata yaliyochanika, uyatie kwenye bahasha pamoja na boksi la risasi zenyewe.