Herufi za El-Salahi si mapambo ya msikitini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni kuhusu makala mliyochapa juu ya Ibrahim El-Salahi, mchoraji wa Sudan aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930, ambamo mwandishi wenu alizieleza kazi zake kuwa ni mapambo ya kidini yanayomhusu tu mtu anayesoma Kiarabu.

Ni kweli kwamba herufi alijifunza katika chuo cha Kurani alichokiendesha baba yake nyumbani, lakini alichozifanyia baadaye ndicho kilichompa jina. Aliporejea Khartoum mwaka 1957, baada ya masomo katika chuo cha sanaa cha Slade, London, alionyesha kazi zake na watu wa kwao hawakuzijali. Akafunga safari ya kuizunguka nchi, akitazama mapambo ya nyumba na maandishi ambayo wenzake waliishi nayo kila siku. Alianza kwa kupachika maneno madogo pembeni mwa picha, kisha akazivunja herufi zenyewe, na katika matumbo ya herufi hizo zikajitokeza nyuso za watu, wanyama na mimea. Herufi iliyovunjwa namna hiyo haisomeki hata kwa sheikh, kwa hiyo asiyejua alifu kwa ujiti na aliyehitimu Al-Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu cha Kairo, husimama mbele ya mchoro wakiwa sawa.

Sisi wa Mwanza tusingepaswa kuliona jambo hili geni. Hapa Mwaloni Kirumba mitumbwi huandikwa majina kwa rangi nzito, na fundi hodari huuvuta mkia wa herufi hadi ufuate mkunjo wa ubao. Mwenye mtumbwi huutambua ukiwa mbali, kabla jina halijasomeka. (Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi, na wateja wangu kadhaa hawakujua kusoma, ila kunikosoa walijua.)

Sanamu za El-Salahi hamkuzigusa kabisa, ilhali hapo ndipo palipostahili maneno mengi zaidi. Kwa miaka mingi El-Salahi ameurudia mti wa harazi, unaoota kandokando ya Nile, mto huohuo unaotoka ziwani kwetu kupitia Jinja. Mti huo hupukutisha majani wakati wa mvua na kuchipua wakati wa ukame. Kwanza aliuchora, kisha akautengenezea sanamu zinazosimama ardhini, na anayetazama shina na matawi yake ataona ni mstari uleule wa kalamu ya mwanzi inayoandika herufi, safari hii ukiwa na uzito na kivuli chake.

Jambo la mwisho ni dogo. Picha mliyoichapa ilikatwa upande wa kushoto, ambako mstari wa Kiarabu huishia, na mkia wa herufi ukapotea. Mtakapoandika tena juu ya El-Salahi, naomba mchapishe mchoro mzima, hata kama maelezo yatalazimika kupunguzwa.

Wenu,
Mwandika mabango mstaafu,
Kirumba, Mwanza