Maagizo ya kumtunza mbwa aliyekatwa mguu yaandikwe kwa Kiswahili

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwafikishie madaktari wa mifugo wa jiji hili la Nairobi ombi moja ambalo halitawagharimu zaidi ya karatasi na wino. Mbwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani baada ya upasuaji mkubwa, hususan ule wa kukatwa mguu, maagizo ya kumtunza yaandikwe kwa Kiswahili, tena kwa namna ambayo yule atakayeshinda naye nyumbani ataielewa bila kusubiri mtu wa kumtafsiria.

Mbwa wetu, Bosco, aligongwa na bodaboda kwenye Mumias South Road, hapa Buruburu. Mfupa wa mguu wa nyuma wa kushoto ulivunjika vipande vipande, ngozi ikachunika, na baada ya siku tatu vidole vikawa baridi, asihisi chochote hata vilipobanwa kwa koleo. Daktari alisema mguu huo haukuwa na uhai tena. Upasuaji wenyewe ulikwenda vyema na sina lalamiko lolote juu yake. Kesho yake tulipokwenda kumchukua, tulikabidhiwa bahasha ya vidonge, kola ya plastiki ya kumzuia asirambe jeraha, pamoja na karatasi mbili za Kiingereza zilizojaa maneno ya kitabibu ambayo hata mimi niliyesoma hadi chuo niliyapita kwa kubahatisha. Mimi na mke wangu huondoka alfajiri kuwahi matatu na hurudi giza likiwa limeingia. Aliyebaki na Bosco ni mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71, ambaye huisoma Biblia na gazeti hili kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini Kiingereza hajawahi kukihitaji.

Usiku wa pili Bosco hakulala. Alikuwa akilia kilio chembamba, kisha ghafla anapiga yowe na kugeuka kutazama pale palipokuwa na mguu, kama aliyeumwa na nyuki. Mchana wake mama alimhurumia. Alichukua kidonge chake cha diklofenaki, anachokimeza kwa ajili ya magoti, akakikata nusu, akakificha ndani ya tonge la ugali. Asubuhi hiyo Bosco alikuwa amekwisha kupewa meloksikamu, dawa yake ya maumivu, kutoka kwenye bahasha ya kliniki. Dawa hizo mbili ni za jamii moja, ile ya kupunguza maumivu na uvimbe, na zikikutana tumboni mwa mbwa huchubua utando wa tumbo na kuumiza figo. Diklofenaki hata ikiwa peke yake ni hatari kwa mbwa kwa kipimo ambacho mtu mzima hakimshtui, na ibuprofeni ni vivyo hivyo. Jioni alitapika. Asubuhi kinyesi chake kilikuwa cheusi na cha kunata kama lami, yaani damu ilikuwa inavuja ndani. Tulimrudisha mbio, dawa zikasimamishwa, akatundikiwa maji kwa siku mbili, na bili ya siku hizo mbili ilikaribia ile ya upasuaji.

Alipopata nafuu nilizitoa zile karatasi mbili nikazisoma upya. Onyo lilikuwemo. Lilikuwa katika ukurasa wa pili, chini kabisa, katika sentensi moja ya Kiingereza iliyokataza dawa za jamii hiyo kwa jina lake la kitaalamu. Mama alipoelezwa aliniuliza, "Mwanangu, kama ni jambo zito hivyo, mbona hawakuniambia mimi?" Sikuwa na la kumjibu, na ndiyo maana nimeandika barua hii.

Lile yowe la usiku nalo lilikuwa na maelezo yake. Mishipa ya fahamu iliyokatwa huweza kuendelea kupeleka habari za maumivu kana kwamba mguu bado upo, na kuna dawa za maumivu ya aina hiyo, mojawapo ikiwa gabapentini, ambayo Bosco alianzishiwa tuliporudi, na usiku ule ule akalala. Hata hiyo si ya kununuliwa kiholela katika duka la dawa, kwa sababu ile ya maji inayotengenezwa kwa ajili ya watu wakati mwingine hutiwa utamu wa zailitoli, ambao kwa mbwa ni sumu. Laiti tungaliambiwa mapema kwamba yowe kama lile ni la kumpigia daktari simu, mama asingalifungua kopo lake la vidonge.

Kuna na jambo la sakafu, ambalo karatasi zile hazikuligusa kabisa. Nyumba yetu, kama nyingi za mtaa huu zilizojengwa kuanzia miaka ya 1970, ina ngazi za ndani na sakafu ya saruji nyekundu ambayo hupigwa nta kila Jumamosi hadi unajiona sura. Mbwa mwenye miguu minne huizoea. Bosco alipojaribu kusimama juu yake kwa mitatu, ule mmoja wa nyuma uliteleza ukaenda pembeni, akaanguka kwa upande wa mshono, na tangu hapo akawa anaogopa kuinuka hata kwenda kunywa maji. Tulitandika mkeka, tukakuta mkeka nao unateleza pamoja naye. Kilichofaa ni vipande vya zulia kuukuu vyenye mpira upande wa chini, tulivyovinunua soko la Gikomba, tukavipanga kama njia kutoka kwenye godoro lake hadi kwenye bakuli na kutoka hapo hadi mlangoni. Nta ikasimamishwa. Kucha zake zikapunguzwa, na manyoya yaliyoota katikati ya vidole yakakatwa ili nyama ya wayo iishike sakafu. Mwanzo wa ngazi ukazibwa kwa meza ndogo iliyolazwa ubavu.

Kumtoa nje kujisaidia ndiko kulikotushinda mwanzoni, kwa kuwa Bosco ana kilo 28 na mgongo wa mama si wa kubeba mzigo huo. Suluhisho alilipata yeye mwenyewe. Alichukua leso iliyochakaa, ambayo maandishi yake yalikuwa yamefutika nusu, akaikunja kwa urefu mara nne, akaipitisha chini ya tumbo mbele kidogo ya mguu wa nyuma uliobaki, kisha akazishika ncha mbili juu ya mgongo kama mtu anayeshika kikapu. Mbwa hainuliwi, anatembea mwenyewe, na leso inakuwapo tu kumdaka akiyumba. Leso isiguse mshono, na kwa mbwa dume isizibe pale anapokojolea, jambo ambalo tulilijua baada ya leso ya kwanza kulowa chapachapa. Kufikia siku ya tano ya kuitumia alikuwa haihitaji tena, ingawa mama aliendelea kuishika kwa siku kadhaa zaidi, na nashuku ilikuwa kwa ajili ya moyo wake kuliko kwa ajili ya mbwa.

Kola ya plastiki ilileta ugomvi nyumbani. Bosco aligonga nayo kila mlango, na mama aliivua kila tulipotoka, akisema mnyama hawezi kuishi na beseni shingoni. Lakini mbwa akipata dakika kumi za kuramba mshono huweza kuufungua wote, na ulimi wake una vijidudu vingi, si dawa kama wengi wetu tulivyoambiwa utotoni. Kola hukaa usiku na mchana hadi nyuzi zitolewe, kwa kawaida kati ya siku ya 10 na ya 14. Katika muda huo hakuna kukimbia, hakuna kuruka juu ya kochi, na kutoka nje ni kwa mnyororo, dakika tano tano, mara kadhaa kwa siku. Hakuna kuogeshwa pia, hata kama masika yamegeuza uwanja kuwa tope.

Kuhusu jeraha lenyewe, kila jirani alikuja na tiba yake: mmoja majivu, mwingine spiriti, wa tatu mafuta ya taa. Tulizikataa zote, nasi tukajifunza tu kutazama, mara mbili kwa siku, mbele ya dirisha penye mwanga. Wekundu kidogo na weusi wa damu iliyovilia chini ya ngozi, hata uvimbe laini wa maji unaoning'inia chini ya mshono, huonekana sana siku za mwanzo na mara nyingi hunywea wenyewe. Joto linaloongezeka, harufu, usaha au mshono unaoachana ni safari ya daktari siku hiyo hiyo. Nzi nao ni maadui ambao hapa kwetu hatuwezi kuwapuuza. Nzi akitaga katika jeraha lenye unyevu, mabuu huonekana ndani ya siku moja tu. Kwa hiyo mbwa wa namna hii alale ndani ya nyumba, hata kama maisha yake yote amelala kwenye banda karibu na geti.

Chakula hakikutusumbua sana. Siku mbili za kwanza alinusa tu, na choo kilichelewa kwa sababu ya dawa kali za maumivu alizopewa wakati wa upasuaji. Mchuzi wa nyama usio na kitunguu ulimrudisha, kisha ugali wake na omena. Daktari alituonya baadaye tusimnenepeshe kwa huruma, kwani kila kilo inayoongezeka sasa inabebwa na miguu mitatu, na viungo vyake ndivyo vitakavyolipa uzeeni.

Wapita njia wameniuliza mara nyingi mbona mguu ulikatwa juu kabisa, karibu na nyonga, ilhali goti halikuwa na tatizo. Kigutu kinachoachwa kikining'inia hugonga chini, hujichubua kila mbwa anapolala, naye huendelea kujaribu kukikanyagia. Wengine walitushauri tangu mwanzo achomwe sindano ya mwisho. Askari wa geti letu, ambaye nampenda, aliuliza mbwa wa miguu mitatu atamfukuza mwizi yupi. Nilimkumbusha kwamba Bosco hubweka kwa mdomo. Mbwa hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, hivyo aliyepoteza wa nyuma huwa na kazi nyepesi kidogo. Yule aliyepoteza wa mbele huhitaji muda zaidi, na bakuli lake liinuliwe juu ya kigoda ili asipinduke akiinama. Wote wawili, wakiwa na afya nzuri, kwa kawaida huzoea ndani ya takriban mwezi mmoja. Tulioshindwa kuzoea ni sisi.

Nayaandika haya yote kwa kirefu makusudi, Mhariri, ili ionekane kwamba hakuna hata moja kati yake linalohitaji Kiingereza. Najua nitajibiwa kwamba mwenye mbwa anayeweza kulipia upasuaji anajua kusoma Kiingereza. Huenda ni kweli, lakini mwenye mbwa siye anayempa dawa saa sita mchana. Anayempa ni msaidizi wa nyumbani, ni askari, ni kijana wa kazi, ni nyanya aliyekuja mjini kuwasalimia wajukuu. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sioni kwa nini kisifae kwenye bahasha ya vidonge. Bodi ya Madaktari wa Mifugo nchini, ambayo ndiyo inayowasajili, ingeweza kutoa mfano mmoja wa ukurasa mmoja kwa kliniki zote, na wanafunzi wa udaktari wa mifugo kule Kabete wangeweza kuuandika kwa alasiri moja wakikaa na wenzao wanaosomea Kiswahili. Onyo la dawa za watu liwe juu kabisa, kwa herufi kubwa. Nambari ya simu ya usiku iwe chini yake. Na siku ya kumtoa mbwa, daktari au muuguzi aulize swali moja kabla ya kutupokea pesa: nani atakayeshinda naye?

Sasa ni wiki ya saba. Manyoya yameanza kuufunika mshono, na leo asubuhi Bosco alimfukuza paka wa jirani hadi kwenye ukuta, akakunja kona bila kuanguka. Mama hakusubiri Bodi. Amechana ukurasa wa daftari la mjukuu wake, akaandika maagizo yake kwa kalamu nyekundu na kuyabandika kwenye mlango wa jikoni. Mstari wa kwanza unasema: "Vidonge vya nyanya si vya Bosco." Nakala yake nimeipeleka kliniki ile, na mhudumu wa mapokezi aliniomba ya pili abaki nayo mwenyewe.

Wako mwaminifu,
Msomaji wako wa kila siku,
Buruburu, Nairobi.