Redio ya Mama

Moshi, Jumatano jioni

Ndugu yangu,

Tumsifu Yesu Kristo! Najua umejibu "milele amina" huku unacheka, maana ni miaka mingi hujasalimiwa hivyo na mtu wa rika lako.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikanyamaza. Unasema tangu mama yako ahamie kwako Kimara baada ya operesheni ya macho, nyumba imegeuka kigango. Saa kumi na moja alfajiri Radio Maria imeshafunguliwa, rozari inasikika mpaka kwa jirani, wajukuu wanaamka kabla ya wakati, na shemeji, ambaye anasali kwa walokole, anauliza kwa upole usio upole kwamba hii itaendelea mpaka lini. Nawe unataka nikupe maneno ya kumwambia Mama asiumie. Umeniuliza mimi, nadhani, kwa kuwa unajua yaliyonikuta na mama yangu. Lakini hujui yote.

Kuna Desemba moja nilipanda Kibosho bila kumpa mtu taarifa. Wakati ule nilikuwa nina miaka sita hivi sijakanyaga kanisani. Mama akipiga simu Jumapili namjibu, "Ndiyo Mama, nimesali misa ya kwanza," na bado niko kitandani. Hata mahubiri nilikuwa namtungia. Basi asubuhi yake nikamfuata kanisani, ili tu afurahi, nikakaa nyuma kabisa na wale wanaume wanaotoka nje mahubiri yakianza. Katekista akasimama kusoma nia za misa. Marehemu fulani. Shukrani ya kupona. Kisha nikasikia jina la mama yangu, lote, na nia yake: anamwombea mtoto wake wa pili aliyeko Dar es Salaam ili arudi kwenye sakramenti. Wewe kwetu unakujua. Nani asiyemjua mtoto wa pili wa yule mama? Shingo zikageuka benchi kwa benchi mpaka zikanifikia.

Nyumbani nilifoka. Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori, hata kichwa hakuinua. "Kwani uongo?" akaniuliza. Akaendelea kumenya, kisha akasema, "Ningejua unakuja ningeilipia ya Jumapili ijayo."

Jioni dada yangu akaniambia ile haikuwa ya kwanza. Kila alipouza mayai, Mama alikuwa akitenga sadaka ya misa yangu. Mayai, ndugu yangu! Mimi kila mwisho wa mwezi namtumia hela kwa simu nikijiona ndiye mtoto anayeheshimu mama, kumbe mwenzangu yuko huku anahesabu trei. Nisijitie utakatifu, sikuokoka siku ile. Kanisani nilirudi kwa kusuasua na mpaka leo nasuasua. Ila kumdanganya niliacha.

Unakumbuka pale seminari kila tarehe 27 Agosti tulivyosomewa habari za Mtakatifu Monika tukiwa tunasinzia? Ukubwani nimezisoma tena, na nimeona tulisinzia pabaya. Mama Mwafrika yule, wa Thagaste, ambayo leo iko Algeria. Mume mpagani, mwenye hasira za kuwaka ghafla. Mtoto naye mwongo kama mimi: mwaka 383 pale Karthago, Augustino alimwambia anamsindikiza rafiki tu bandarini, mama akaenda kusali kwenye kanisa la Mtakatifu Sipriani, na usiku uleule kijana akapanda meli kwenda Roma. Mama akavuka bahari kumfuata, mpaka Milano. Hayo tulifundishwa. Lakini kuna jambo dogo ambalo mlezi wetu alilipita haraka. Kule Milano Monika alikwenda kwenye makaburi ya watakatifu na kikapu chake cha uji, mkate na divai, kama desturi ya kwao Afrika. Bawabu akamzuia, kwamba Askofu Ambrosi amekataza. Naye hakubishana hata kidogo. Aliacha, na tangu siku hiyo akawa anakwenda bila kikapu.

Mimi namwona kabisa pale mlangoni, mama wa watu katika mji wa wenyewe, na uji wake mkononi. Na ndivyo ninavyomwona Mama kwenye korido yako ya vigae, na redio yake.

Ukimwambia azime, atazima. Hilo ndilo linalonitisha. Hatanuna, hatajibu, atasema "sawa baba," na kuanzia hapo atakuwa mgeni kwako.

Hebu nikuulize: umemtafutia jumuiya, wale majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba? Mama yule aliongoza WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kigangoni kwenu miaka nenda rudi. Mwaka 2022 walipoadhimisha miaka 50 pale uwanja wa Mkapa, alikuja kwa basi akiwa na miguu iliyovimba, na kitenge chake kimepigwa pasi. Leo yuko Kimara hajui hata jina la mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa wenu. Kwa sasa jumuiya yake ni hiyo redio. Nenda parokiani ukaulize wanasali wapi na siku gani, umpeleke mwenyewe kwa mguu, usimtume dereva wa bodaboda. Na zamu ya kwenu ikifika, uwepo nyumbani, utoe viti nje, chai na maandazi viwepo.

Shemeji usimgeuze hakimu wala mshitakiwa. Ana haki ya kulala. Mwombe siku moja ya juma yeye na Mama wasome zaburi pamoja, maana zaburi hazina ugomvi na mtu. Watoto kujua Salamu Maria na mapambio kwa pamoja haijawahi kuua mtu.

Kuhusu redio yenyewe, nunua ile ndogo ya betri, ya kuweka pembeni ya mto. Usimwambie ni kwa ajili ya kelele. Mwambie umeme wa Dar unakatikakatika, hutaki akose rozari. Huo uongo mmoja nakuruhusu, na nikienda kuungama nitautaja kwa niaba yako.

Msalimie sana Mama. Mwambie mtoto wa pili anauliza hali ya macho.

Wako,
jirani yako wa kitanda cha juu