Barua ya wazi kwa wanangu wa mwaka wa kwanza Marekani: msikimbilie fraterniti na sororiti

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaoanza chuo kikuu Marekani: mliotoka Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam kwa viza ya mwanafunzi, F-1, na ninyi mliokulia hukohuko katika nyumba za Wakongo na Warundi, Kiswahili jikoni na Kiingereza mlangoni. Kila Agosti swali ni lilelile: hivi vyama vya herufi za Kigiriki, nijiunge sasa au ningoje?

Shauri langu ni moja. Muhula wa kwanza usijiunge, hata kama chuo chako kinaruhusu. Na chama kitakachokufuata kabla ya tarehe iliyowekwa na chuo, kifute kwenye orodha yako moja kwa moja.

Kwa asiyevijua, fraterniti ni chama cha wanaume na sororiti ni cha wanawake. Kila kimoja kina tawi chuoni, makao makuu ya kitaifa, na mara nyingi nyumba ya kuishi wanachama. Uanachama huhesabiwa kuwa wa maisha. Vina faida zake, siwadanganyi: marafiki, kazi za kujitolea, mtandao wa watu wa kukuombea nafasi ya kazi ukimaliza. Shida iko kwenye lini unaingia, na unaingia ukiwa unajua nini.

Vyuo havifanani. Alabama usajili wa sororiti hufanyika Agosti, kabla hata masomo hayajaanza. Msichana hajajua darasa lake la kemia liko jengo gani, tayari ameshachagua dada wa maisha. Cornell na Vanderbilt humngojesha mwanafunzi mpya hadi muhula wa pili. Dartmouth lazima ufike mwaka wa pili, na Duke nayo ilihamia huko mwaka 2021. Princeton mwaka 2012 ilianza kuwazuia wa mwaka wa kwanza wasijiunge kabisa, na adhabu ikawa kusimamishwa masomo. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo usimwulize kaka wa jirani aliyesoma hapo miaka minne iliyopita. Fungua ukurasa wa ofisi ya chuo inayosimamia vyama hivi, usome kanuni ya mwaka huu.

Ukiisoma, usiishie kwenye tarehe. Vyuo vingi vinavyoahirisha huongeza masharti mawili: krediti, yaani vipimo vya uzito wa masomo, ulizokamilisha, mara nyingi 12, na wastani wa alama, mara nyingi 2.5 au zaidi kati ya 4.0. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Tuseme umejiandikisha krediti 15. Kalkulasi ikakushinda, ukaliacha somo hilo la krediti 4 mwezi Novemba. Umebaki na 11, na Januari jina lako halimo kwenye orodha ya wanaostahili. Somo uliloacha likaandikwa W halihesabiwi. Lililobaki bila kukamilika, likaandikwa I, nalo halihesabiwi mpaka ulimalize. Darasa la Kiingereza la wageni mara nyingi halina krediti za shahada. Ninyi mliofanya kidato cha sita Tanzania, au mitihani ya A-level ya Cambridge, huenda chuo kikawapa krediti za bure mkifika. Lakini ofisi nyingi huhesabu zile tu ulizozipata hapo chuoni. Uliza kwa barua pepe, na jibu ulihifadhi. Kumbuka pia kwamba wastani wa muhula wa kwanza hauna kitu cha kuuinua: C mbili kati ya masomo manne unazibeba hivyohivyo hadi Mei.

Kwa nini vyuo vinaahirisha? Sababu mojawapo kubwa ni vifo. Septemba 2017, Max Gruver, kijana wa miaka 18 aliyekuwa chuoni Louisiana State kwa majuma machache tu, alilazimishwa kunywa pombe kali kila alipokosea maswali kuhusu fraterniti aliyotaka kuingia. Pombe katika damu yake ilipimwa 0.495, zaidi ya mara sita ya kiwango ambacho dereva hukatazwa. Jimbo hilo likatunga sheria yenye jina lake. Miezi michache kabla, Penn State, Timothy Piazza alianguka kwenye ngazi usiku wa kupokewa, na wenzake wakakaa karibu saa 12 bila kuita msaada. Haya mateso ya kuwapokea wanachama wapya huitwa haizingi; mliosoma bweni Kenya mkiitwa mono mnaifahamu, isipokuwa huku kifaa kikuu ni chupa.

Wiki za kwanza ndizo mbaya zaidi, na sababu yake haina fumbo. Mgeni hana rafiki wa kumwambia "twende nyumbani". Hajui basi la mwisho linaondoka saa ngapi. Hajapima bado mwili wake unavumilia kiasi gani, na umri halali wa kunywa nchi nzima ni miaka 21, kwa hiyo kinywaji chake lazima kiwe cha mafichoni. Halafu anataka kukubaliwa. Kwetu Pwani mwali ana kungwi, mtu mzima anayejulikana, atakayeulizwa na ukoo mzima mtoto akidhurika. Katika nyumba hizi wanaoongoza ni vijana wa miaka 20, na mtu mzima wa karibu huenda ni mwenyekiti wa kitaifa aliye majimbo matatu mbali.

Sasa, kuahirisha kunasaidia? Naamini kunasaidia, lakini si kwa kiasi ambacho vyuo hutangaza. Marufuku ya kujiunga haizuii sherehe. Vyama hutumia muhula mzima wa kwanza kuwavuta vijana chinichini: ujumbe wa Instagram, "njoo tuangalie mpira", chakula cha bure, halafu sherehe isiyosajiliwa na ofisi. Oktoba 2019 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Cornell alifariki baada ya kuhudhuria sherehe ya namna hiyo kwenye fraterniti, ilhali kanuni ya chuo ilimzuia kujiunga hadi muhula wa pili. Kanuni ilikuwepo, kwenye karatasi.

Ndiyo maana nasema mwaliko wa mapema ni habari kamili kuhusu chama hicho. Kama kimevunja kanuni iliyo rahisi kuliko zote, ya kungoja tarehe, ili kukupata wewe, basi kanuni ya pombe na kanuni ya haizingi zitaheshimiwa na nani?

Kuna mtego mwingine ambao wageni hawaujui. Chuo kinapokaza kanuni, baadhi ya fraterniti hujitoa chini ya chuo na kuanzisha baraza lao. Ilitokea Boulder, Colorado, mwaka 2005. Michigan mwaka 2018. Duke mwaka 2021. Nyumba iko palepale mtaani, herufi zilezile mlangoni, na vijana watakuambia "sisi hatubanwi na tarehe". Ni kweli hawabanwi. Lakini chuo hakiikagui tena nyumba hiyo, na wewe binafsi bado uko chini ya kanuni za nidhamu za chuo. Kabla hujaingia popote, tafuta jina la tawi kwenye orodha ya vyama vinavyotambuliwa. Lisipokuwemo, geuza.

Tangu Desemba 2024 kuna pia sheria ya taifa inayovitaka vyuo kuchapisha kwenye tovuti ripoti ya vyama vilivyopatikana na hatia ya haizingi, kosa lilikuwa nini na adhabu gani, na kuisasisha angalau mara mbili kwa mwaka. Tafuta tovuti ya chuo chako ukitumia maneno "campus hazing transparency report". Ni dakika kumi za kusoma. Kutokutajwa humo hakumtakasi mtu, lakini kutajwa kunatosha.

Wasichana, usajili wa sororiti kubwa 26 zilizo chini ya baraza la National Panhellenic Conference una utaratibu wake, na una karatasi moja ya kuogopwa. Unajiandikisha mtandaoni na kulipa ada, unapita raundi kadhaa za mazungumzo, kila raundi nyumba zinapungua, wao wakichagua nawe ukichagua. Usiku wa mwisho unatia sahihi fomu inayoitwa MRABA, ukizipanga nyumba ulizobaki nazo kwa mpangilio wa kupenda. Sahihi hiyo inakufunga. Ukipewa nyumba yoyote uliyoiandika kisha ukaikataa, huwezi kuingia nyingine ya baraza hilo chuoni hapo hadi usajili mkuu unaofuata, kwa kawaida mwaka mzima. Kwa hiyo usiandike nyumba usiyoitaka eti kujaza nafasi. Ukiandika moja tu nayo isikuchague, unaweza kutoka mikono mitupu. Hiyo ni haki yako, ila uifanye ukijua. Na ukishaapishwa katika sororiti moja ya baraza hilo, nyingine hazikupokei tena maishani.

Vile vyama tisa vya Waamerika Weusi, vikianzia na Alpha Phi Alpha iliyoundwa Cornell mwaka 1906 na Alpha Kappa Alpha ya Howard mwaka 1908, vina mwendo tofauti, na kwa watoto wetu wengi huko ndiko roho inakovutwa. Kwame Nkrumah alikuwa Phi Beta Sigma, alipokuwa Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania. Huko kwa kawaida mwanafunzi mpya hapokelewi muhula wa kwanza. Wanataka wastani wa alama, krediti za chuo na rekodi ya kujitolea, na hawatangazi nia yako kwenye mitandao, wala wewe usiitangaze. Unahudhuria shughuli zao za wazi, unajitambulisha kwa adabu, unangoja mkutano wa taarifa. Mwaka 1990 vyama hivi vilifuta rasmi ule utaratibu wa miezi ya majaribio. Atakayekuambia kuna "njia ya kweli" ya usiku, ya kupigwa ili uheshimiwe, anakupeleka kwenye jinai, na majimbo mengi hayaukubali utetezi kwamba ulikubali mwenyewe.

Wenye F-1, sehemu hii ni yenu. Mwenzako Mmarekani akisimamishwa muhula mmoja, anarudi kwa mama yake na kufanya kazi dukani. Wewe ukisimamishwa, rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, hufungwa, na hupati zile siku 60 za kujiandaa kuondoka anazopewa aliyehitimu. Kuacha somo ukashuka chini ya krediti 12 bila idhini ya ofisa wa chuo anayeshughulikia I-20 yako, hati ya uanafunzi wako, kunavunja hadhi ya viza, achilia mbali sharti la chama. Kukamatwa unaendesha gari ukiwa umelewa kunaweza kusababisha viza kufutwa hata kabla mahakama haijaamua. Na ninyi mliokulia hukohuko mnaosomeshwa kwa msaada wa serikali ya Marekani, vyuo vingi hudai wastani wa 2.0 na kukamilisha kama theluthi mbili ya krediti ulizojaribu. Muhula mmoja wa sherehe unatosha kuuhatarisha msaada huo.

Pesa, kwa ufupi. Michango huanzia mamia hadi maelfu ya dola kwa muhula, na muhula wa kuingia ndio ghali zaidi, kwa ajili ya ada ya kuapishwa na beji. Omba orodha iliyoandikwa, ikiwemo faini za kukosa mikutano, fulana, na kama kuna lazima ya kuishi nyumbani kwao mwaka wa pili. Wa mwaka wa kwanza mara nyingi ameshalipia chakula cha chuo; akiongeza mlo wa chama, analipa chakula mara mbili. Mwenye F-1 anaruhusiwa saa 20 za kazi kwa wiki, tena ndani ya chuo, wakati wa masomo. Piga hesabu hiyo kabla hujampigia baba simu.

Najua baadhi yenu mtaenda sherehe hata hivyo. Nendeni wawili au watatu, mrudi haohao. Mtu akilala hazinduki, ngozi baridi au ya buluu, akipumua chini ya mara 8 kwa dakika au akikaa sekunde 10 bila pumzi, piga 911, namba ya dharura. Mlaze ubavu, kaa naye, usimpe kahawa wala usimwogeshe maji baridi. Usimwache "alale ipite". Pombe iliyo tumboni huendelea kuingia kwenye damu naye amelala. Majimbo na vyuo vingi humkinga anayeita msaada dhidi ya adhabu ya kunywa chini ya umri. Isome kanuni hiyo ya chuo chako mapema, mchana, ukiwa na akili timamu.

Muhula huo wa kungoja utumieni kuangalia. Wanachama wa chama unachokipenda wanaonekana vipi Jumanne asubuhi maktabani? Wangapi walioapishwa mwaka jana bado wamo, na walioacha wanasemaje? Mwulize mmoja aliyeacha kabla hujamwuliza rais wa chama. Na ujumbe ukija Septemba, "njoo Ijumaa, usimwambie mtu", jibu: "Asante, nitajiandikisha Januari." Chama kilichotulia kitakuambia karibu Januari. Kikikubembeleza, kikakutisha kwamba nafasi zitaisha, piga picha ya ujumbe huo uiweke. Ofisi ya chuo ina fomu ya kuripoti, na nyingi hupokea bila jina.

Wenu,
Mzee wenu