Kalamu isiondolewe darasani

Mhariri,

Naomba nafasi niitetee kalamu dhidi ya wanaotaka kompyuta ichukue nafasi yake darasani. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani, Pam Mueller na Daniel Oppenheimer, walionyesha kwamba wanafunzi walioandika maelezo ya mhadhara kwa kompyuta walinakili zaidi neno kwa neno, lakini maswali ya kuelewa dhana yaliwashinda kuliko wenzao wa kalamu. Sishangai. Mkono haumfikii mwalimu anayesema haraka, hivyo akili hulazimika kuchuja: hili niandike, lile niache, hapa nichore mshale. Kwenye kibodi, "b" na "d" hubonyezwa vilevile. Mtoto anayeziumba kwa penseli huhisi tumbo la herufi linageukia wapi. Kompyuta tuzitumie, hasa kwa insha ndefu za kusahihishwa mara nyingi. Ila watoto wa madarasa ya chini waachiwe daftari zao.

Mwalimu mstaafu