Mshauri nasaha aliyekupita sokoni hakukudharau

Mhariri,

Msomaji wenu aliyelalamika kwamba washauri nasaha wa Mombasa "wana maringo" amenigusa. Anasema alikutana na mshauri wake soko la Kongowea, kwenye vitunguu, na yule mama akampita kama mtu asiyemjua. Kisha kadi ya harusi ya bintiye ikarudi na shukrani tupu. Huenda mama huyo ni mimi, huenda si mimi. Hata ningekuwa mimi nisingesema hapa, kwa sababu kusema "ndiyo, namjua" tayari ni kumtangaza mtu kwamba amewahi kukaa kwenye kiti changu.

Wateja wangu nawaambia siku ya kwanza kabisa: tukikutana nje, mimi sitaanza salamu. Ukinisalimu nitaitika kama ninavyomwitikia yeyote. Ukipita, nami napita. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa sana. Uko na wifi yako, mara mwanamke asiyemjua anakuuliza kwa huruma, "U hali gani siku hizi, walala vyema?" Hajafika mbali, wifi ameshauliza: "Huyo umemjulia wapi?" Ukidanganya, umedanganya kwa ajili yangu. Ukisema kweli, magharibi haitaingia kabla habari haijafika Majengo. Kwangu uzito uko kwa wazee. Nimelelewa kwamba mtu wa umri wa baba yangu hapiti bila shikamoo yangu, na wazee huja kwangu pia. Nao tunakubaliana vivyo hivyo, ingawa mpaka leo ulimi huniwasha.

Kuna vitu vidogo tunavyohangaika navyo ambavyo watu hawavioni. Chukua jina la till yangu ya M-Pesa, yaani namba ya kupokelea malipo. Mteja akilipa, ujumbe unaobaki kwenye simu yake unataja jina la aliyelipwa, na katika nyumba nyingi simu ya mke husomwa na mume, na ya mume husomwa usiku akiwa amelala. Kwa hiyo jina langu la biashara halina "ushauri" wala "nasaha" ndani yake. Ukilisoma utadhani nauza vitambaa. Mwenye duka la chini yetu anadhani hivyo hasa, na sijamsahihisha.

Sasa hiyo kadi. Nikienda harusini nitakaa meza ya nani? Shangazi wa bibi harusi akiuliza mimi ni nani, mwenye harusi aseme nini? Na juma linalofuata, mwenye harusi huyo akitaka kuniambia jinsi wakwe walivyomfedhehesha siku ile, ataniambia vipi na mimi nilikuwa pale pale, nakula biriani yao na kuipigia makofi keki yao?

Si kwamba hatupokei kitu. Sahani ya mahamri siku ya Idd nitaipokea, na nitaila na mlinzi wa jengo. Bahasha sipokei. Fundi cherehani akitaka kunishonea buibui badala ya ada, namshukuru na ada nampunguzia, lakini buibui hapana. Likinibana mabegani nitamwambiaje? Na yeye, siku nikimuudhi kwa neno, atanikabili vipi ilhali kitambaa changu kiko mezani kwake?

Jamaa pia siwapokei, wala majirani wa mtaa wangu, wala wanachama wa chama chetu cha akina mama. Huwapeleka kwa mwenzangu ng'ambo ya feri, Likoni, naye huniletea wake. Wengine huona ni kuwafukuza.

Ninachotaka msomaji wenu akielewe ni hiki. Mtu aliyenieleza jambo ambalo hajamweleza mamake mzazi hawezi kuniambia "la" kwa urahisi. Nikimwomba mkopo wa siku 2 atanipa, hata kama ni karo ya mwanawe. Nikimwingiza kwenye chama ataingia. Nikimuuzia dawa za miti atanunua, na baadhi ya wenzetu wanauza, wacha niseme. Mshauri mwanamume akimwambia mteja wake watoke wakale pamoja Nyali, mwanamke atatoka, kisha sote tutaambiwa walikuwa watu wazima na walikubaliana. Maadili ya Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambayo wengi tulisomeshwa, yanapiga marufuku mapenzi na mteja, na hata tiba ikishaisha yanataka ipite angalau miaka 2. Bado baada ya hapo ni juu ya mtaalamu kuonyesha kwamba hamdhulumu mtu. Mimi naona hiyo miaka 2 ni ukarimu uliozidi. Freud mwenyewe, mwasisi wa tiba ya nafsi kwa mazungumzo, aliwaonya madaktari mwaka 1915 kwamba mgonjwa akimpenda daktari, mapenzi hayo yamezaliwa na tiba, si na uzuri wa daktari. Miaka zaidi ya 100, na bado wako wanaodhani ni uzuri wao.

Hapa Kenya tuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na bodi ya kutusajili. Muulize mshauri wako cheti cha usajili kabla ya kumlipa. Asiye na la kuficha atakuonyesha.

Wanaoniudhi zaidi ni washauri wa mitandaoni. "Mteja wangu mmoja, mama wa watoto 3, anaishi Bamburi, mumewe ni baharia…" Jina limefichwa, sawa, lakini nani Bamburi hajamjua? Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Wao wanahesabu waliotazama. Wakiulizwa, husema mteja alikubali. Bila shaka alikubali! Aliombwa na nani?

Na hapo, Mhariri, nakuja kwenu waandishi. Kila panapotokea habari ya wasichana waliorudi kutoka Saudia wakiwa wameumia, simu yangu huanza kulia: nitafutie mmoja aliyepata ushauri kwako, tutaziba uso, tutabadilisha sauti. Hujibu hapana, nami huambiwa nazuia sauti za wanyonge. Msichana huyo akitaka kusema, aseme, na wako wanaosema vizuri sana wenyewe, kwa kujitokeza kwenye vyama vya kutetea wafanyakazi. Ila asiombwe na mimi. Atakuja kwenye kamera yenu kwa sababu anadhani namdai shukrani, na jioni yake atakaporudi nyumbani hana usingizi, mtu ambaye angemweleza ndiye huyo huyo aliyempeleka.

Nikiulizwa namna kazi yetu inavyofanyika nitajibu mpaka mchoke: ada, madaftari tunavyoyafungia, tunavyomwambia mtu kwamba siri ina mpaka pale uhai wake au wa mtoto unapokuwa hatarini. Mwandishi wenu akitaka, aje Jumatano alasiri. Sina miadi siku hiyo, na hakuna mteja atakayekutana naye kwenye ngazi.

Mshauri nasaha,
Mombasa