Seva ikisema imejaa, msikimbilie kuifomati

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu seva za Linux zilizoko katika shule, zahanati, Saccos na ofisi ndogo ndogo. Nyingi zinaendesha Ubuntu Server, mojawapo ya matoleo ya Linux, na huja siku zikagoma kwamba diski imejaa. Hifadhidata haipokei tena rekodi mpya, fundi anaitwa, na kesho yake mfumo mzima umefutwa na kuwekwa upya, pengine pamoja na kumbukumbu ambazo hazikuwa na nakala popote. Mara nyingi hapakuwa na haja ya kufuta chochote. Nafasi ilikuwemo ndani ya diski ileile.

Chanzo ni namna Ubuntu Server inavyosakinishwa. Ukikubali mpangilio wa diski inaoupendekeza bila kuugusa, hutumia LVM, yaani mfumo wa kugawa diski kwa volyumu, lakini haigawi diski yote. Diski ya kati ya GB 20 na 200, volyumu ya mfumo hupewa nusu hivi. Diski ikizidi GB 200, hupewa GB 100 basi. Kwa hiyo seva yenye diski ya GB 500 inaweza kulia imejaa huku karibu GB 400 zimekaa bure. Amri ya df -h, ambayo wengi huianza, haiwezi kuzionyesha kwa sababu inapima mifumo ya faili iliyokwisha kuundwa tu. Andika sudo vgs, kisha usome safu ya mwisho, VFree. Hapo ndipo penye jibu.

Kwa asiyeifahamu LVM, afikirie pipa la maji na madumu. Diski moja au zaidi humiminwa katika pipa moja, ambalo ni kundi la volyumu. Kutoka pipani yanajazwa madumu, ambayo ni volyumu zenyewe, na dumu likipungukiwa linaongezewa maji bila kulimwaga kwanza. VFree ni maji yaliyobaki pipani.

Kuongeza ni amri moja, na seva inaendelea na kazi: sudo lvextend -r -L +50G /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv. Herufi -r ndiyo inayosahauliwa. Bila hiyo volyumu inakua, mfumo wa faili ulio ndani yake haukui, na df inaonyesha kipimo kilekile cha jana. Aliyekwisha kuisahau asirudie lvextend. Aendeshe resize2fs kama mfumo wa faili ni ext4, au xfs_growfs kama ni XFS. Jambo jingine: volyumu ya mfumo ikijaa kabisa, lvextend yenyewe inaweza kukataa, maana huandika kumbukumbu zake katika /etc/lvm. Anza na sudo apt clean (apt ndicho chombo cha Ubuntu cha kusakinisha na kusasisha programu), inayofuta vifurushi vya programu vilivyokwisha kusakinishwa lakini bado vimelala katika /var/cache/apt/archives. Hiyo peke yake inaweza kukupa mamia ya MB.

Tafadhali msiguse /var/lib/dpkg wala /var/lib/mysql katika kutafuta nafasi. Ya kwanza ndiyo daftari la mfumo la kila kifurushi kilichowekwa. Ikifutwa, seva haijui tena ina nini. Ya pili ndiyo data yenyewe. Na faili kubwa la logi ambalo programu bado imelifungua, ukilifuta kwa rm nafasi hairudi mpaka programu hiyo izimwe. Lipunguze kwa truncate -s 0.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Maelekezo mengi ya mtandaoni yanamwambia fundi atumie -l +100%FREE, ampe dumu moja maji yote ya pipa. Sisi tunapinga ushauri huo. Acheni walau asilimia 10 hadi 20 ya kundi la volyumu bila kugawiwa, kwa sababu ndiyo bima yenu siku ya kusasisha programu.

Nafasi hiyo hukuwezesha kupiga snapshoti, picha ya volyumu kama ilivyo saa ileile, kabla ya apt upgrade: sudo lvcreate -s -L 10G -n kabla /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv. Zile GB 10 si nakala ya kila kitu. Zinahifadhi vipande vya zamani vya sehemu zinazobadilika tu, ndiyo maana volyumu ya GB 100 inalindwa na GB 10. Lakini mabadiliko yakizidi hizo GB 10, snapshoti inaharibika na haifai tena, ingawa mfumo wenyewe hauumii. Fuatilieni safu ya Data% katika sudo lvs. Ikikaribia 80, ongezeni snapshoti kwa lvextend au maliza kazi.

Sasisho likiharibu mambo, sudo lvconvert --merge ubuntu-vg/kabla huurudisha mfumo ulikotoka. Volyumu ya mfumo iko kazini, hivyo marejesho hayo husubiri seva iwashwe upya. Kuna mitego miwili hapa ambayo ni lazima ijulikane mapema. Kwanza, kila kilichoandikwa baada ya snapshoti kinapotea, pamoja na malipo na rekodi za wagonjwa kama hifadhidata iko volyumu hiyohiyo. Simamisheni huduma kwanza, sasisheni, jaribuni, kisha amueni ndani ya saa moja au mbili, si baada ya wiki. Pili, /boot, sehemu yenye faili za kuwashia seva, kwa kawaida iko nje ya LVM. Snapshoti hairudishi kerneli, yaani kiini cha mfumo, na mkirejea nyuma mnaweza kuwasha kerneli mpya ambayo moduli zake (vipande vinavyoendesha vifaa) hazimo tena katika /lib/modules. Kadi ya mtandao isipoonekana, sababu ni hiyo. Katika menyu ya GRUB, inayotokea seva inapowaka, chagueni kerneli ya zamani. Kila kitu kikiwa shwari, futeni snapshoti kwa lvremove, maana inachelewesha uandishi diskini muda wote ikiwapo.

Snapshoti si bakapu. Iko diski ileile, na diski ikifa vyote vinakwenda.

Hiyo /boot nayo ina balaa lake. Ni patisheni ndogo ya GB 1 au 2, na kila kerneli pamoja na initrd yake, faili linaloisaidia kuwaka, huchukua takribani MB 100 au zaidi. Ikijaa, sasisho hukatika katikati. sudo apt autoremove --purge huondoa kerneli zisizohitajika. Msizifute kwa mkono.

Umeme ukikatika wakati wa apt upgrade, vifurushi hubaki nusu, na kila amri inayofuata inakataa. Dawa ni sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt -f install. Wanaofanya kazi kwa SSH, yaani kuingia seva kutoka mbali, waanzishe kwanza tmux, programu inayoshikilia kazi ndani ya seva, ili mtandao ukikatika kazi isikatike nao. Na apt ikisema kufuli la /var/lib/dpkg/lock-frontend limeshikwa, msilifute faili hilo! Mara nyingi ni huduma ya Ubuntu inayojisasisha yenyewe nyuma ya pazia. Subirini imalize. Kulifuta ni kuruhusu programu mbili ziandike katika daftari moja kwa wakati mmoja, na madhara yake mtayaona siku nyingine kabisa.

Kwa maabara za shule, gharama kubwa ni bando. Kompyuta 30 zikipakua kila moja MB 400, ni GB 12. Wekeni apt-cacher-ng, programu inayotunza vifurushi vilivyopakuliwa, katika kompyuta moja, na katika nyingine zote faili moja ndani ya /etc/apt/apt.conf.d lenye mstari Acquire::http::Proxy "http://10.0.0.5:3142"; (nukta-mkato ya mwisho ni lazima), mkibadilisha anwani kuwa ya kompyuta yenu. Kifurushi kinashuka mara moja, wengine 29 wanakichukua ndani ya nyumba.

Kuna kosa moja la LVM ambalo halina dawa nyepesi: kuunganisha diski ya nje ya USB kwenye kundi la volyumu ili kupata nafasi ya haraka. Amri za pvcreate na vgextend zitakubali bila kulalamika. Kisha mtu anachomoa waya ili achaji simu, na volyumu iliyotandazwa juu ya diski mbili inavunjika. Anayeongeza diski aongeze ya ndani, na kama data ni ya thamani, iwe juu ya RAID, yaani diski kadhaa zinazolindana moja ikifa. Pia kumbukeni kuwa XFS hukua tu, haipunguzwi kwa kawaida. Aliyeipa /home karibu diski nzima hawezi kuinyang'anya baadaye ila kwa kutoa data, kuiunda upya na kuirudisha.

Wenye CentOS 7, toleo jingine la Linux, tunawaambia waziwazi: msaada wake ulikoma tarehe 30 Juni 2024. Yum, chombo chake cha kusakinisha programu, inayoshindwa kupata mirrorlist.centos.org haina tatizo la intaneti. Vifurushi vyake viko vault.centos.org, lakini havitengenezwi tena mianya ya usalama inapogunduliwa. Hameni kwenda Rocky Linux au AlmaLinux. Huko dnf, mrithi wa yum, ina daftari la dnf history, na dnf history undo huweza kutengua muamala mmoja wa vifurushi kama matoleo ya zamani bado yanapatikana.

Kwa wakuu wa shule, waganga wafawidhi na mameneja wanaosaini hati za kupokea seva: msisaini mpaka mzabuni aambatanishe karatasi moja yenye matokeo ya vgs, lvs, df -h na apt-mark showhold (orodha ya vifurushi vilivyozuiwa kusasishwa), pamoja na tarehe ambayo msaada wa toleo hilo la mfumo utakoma. VFree ikiwa sifuri, mwambieni arudi apange upya siku hiyohiyo, kabla seva haijaanza kupokea data yenu.

Wasimamizi wa seva,
Morogoro